UZI: Kisra hakufa kwa uzee. Jinsi dola ya Uajemi ilivyoanguka ndani ya miaka 18

#1 kahawa_chungu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi barazani ulizuka ubishi. Jamaa mmoja, mtu wa vitabu kwelikweli, alisema Waarabu hawakufanya cha ajabu kule Uajemi: ile dola ilikuwa kikongwe, imeoza, inangoja kusukumwa tu. Mwingine akamrukia kuwa ni imani tupu, wachache waliwashinda wengi, habari imekwisha. Mimi nikanyamaza, maana hao wawili wakishaanza hawamsikii mtu. Ndiyo sababu naleta mambo huku.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mpate pa kurusha mawe. Uajemi ya Wasasani haikuwa kikongwe. Kufikia mwaka 620 ilikuwa imetanuka kuliko wakati wowote tangu nasaba hiyo ishike nchi mwaka 224. Waarabu walikutana na jitu lenye nguvu lililokuwa limejikata mishipa lenyewe muda mfupi kabla, tena baada ya kumfukuza mlinzi wake wa getini.

Waliopita madrasa wanaijua Sura ya Ar-Rum, inayoanza kwa habari ya Warumi kushindwa katika nchi ya karibu. Walioshinda ndio hawa Waajemi wa Khosrow wa Pili, ambaye Waarabu walimwita Kisra kama walivyowaita wafalme wote wa huko. Vita vile vilianza 602. Dameski ikaanguka 613, Yerusalemu 614, na msalaba ambao Wakristo waliuamini kuwa ndio wenyewe ukabebwa hadi Uajemi. Halafu Misri nayo ikaenda. Mwaka 626 jeshi la Kisra lilikuwa ng'ambo ya maji tu, likiziangalia kuta za Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi. Hebu niambieni, huo ni uzee?

Sasa huyo mlinzi. Pembeni mwa mto Furati, kusini mwa Iraki, palikuwa na mji wa Hira, makao ya wafalme wa Kiarabu wa Banu Lakhm. Kwa takriban miaka 300 kazi yao ilikuwa kumlindia Kisra mpaka wa jangwa: wanawajua Mabedui, wanajua nani apewe tunu na nani apigwe. Karibu na mwaka huohuo wa 602, Khosrow akamkamata mfalme wao Nuuman na kumuua. Wapo wanaosimulia kuwa alikanyagwa na tembo. Nafasi yake hakupewa mwanawe.

Haikupita miaka mingi, kabila la Bakr bin Wail likalipiga jeshi la Kisra pale Dhi Qar. Vita vyenyewe vilikuwa vidogo, lakini habari zilisambaa jangwa zima kwamba kumbe hawa watu wanapigika. Likumbukeni jina la Bakr, litarudi.

Naenda kuswali, nikirudi naendelea.

#2 Mzee wa Kigoda

Nimeshatandika mkeka siti ya mbele. Ila usitufanyie kama ule uzi wako wa Andalusia uliouacha njiani.

#3 kahawa_chungu

Mzee wa Kigoda, ule nitaumaliza, wallahi.

Twende. Mfalme wa Rumi, Heraclius, hakukaa Konstantinopoli kungoja kifo. Alizunguka kaskazini kupitia Armenia, akajipatia Waturuki wa kumsaidia, na Desemba 627 akawavunja Waajemi karibu na magofu ya Ninawi. Kisra akalikimbia jumba lake la Dastagird, likaporwa.

Februari 628 wakubwa wa Uajemi wakachoka. Wakampindua Khosrow na kumweka mwanawe, Kavad wa Pili, ambaye Waarabu humwita Shiruya. Kijana akaridhia baba yake auawe. Kisha akawamaliza na ndugu zake wa kiume, na masimulizi yanawahesabu 17. Miezi michache baadaye naye akafa, kwa tauni iliyokuwa inafyeka watu Iraki wakati ule.

Tazameni hesabu ilivyokaa. Ukishaua ndugu wote, nawe ukafa, anabaki nani? Alibaki mtoto wake Ardashir, wa miaka kama saba. Jemadari Shahrbaraz, yuleyule aliyeiteka Yerusalemu, akaingia mji mkuu, akamuua mtoto, akakaa mwenyewe kitini. Siku kama 40 tu, naye akauawa. Akaja malkia Boran, binti wa Khosrow. Akaja dada yake Azarmidokht. Mkubwa mmoja wa kaskazini, Farrokh Hormizd, alimposa Azarmidokht ili apate ufalme kwa mlango wa ndoa, na malkia akaamuru auawe. Mtoto wa Farrokh akashuka na jeshi, akamng'oa malkia na kumpofusha macho. Jina lake Rostam. Nalo lihifadhini.

Kati ya 628 na 632 watu wapatao kumi walikikalia au walikidai kile kiti. Mwaka 632, ambao ndio Mtume alifariki Madina, wakakubaliana juu ya Yazdegerd wa Tatu, mjukuu wa Khosrow, kijana mdogo aliyekuwa amefichwa mji wa Istakhr. Mashamba ya Iraki, yaliyokuwa yakiijaza hazina, yalikuwa yamevurugwa na mafuriko ya mto Tigri yaliyobomoa kingo, maji yakageuza mashamba kuwa vinamasi. Tauni ilichukua wakulima, vita vikachukua askari.

Kwa hiyo yule jamaa wa barazani ana nusu ya haki. Kosa lake ni kudhani ugonjwa ule ulikuwa wa karne nzima. Ulikuwa wa miaka minne.

#4 Kiroboto

Sawa mkuu, lakini usimnyime Khalid bin Walid, jemadari wa Waislamu, haki yake. Yule alikuwa hajui kushindwa. Alivyoingia Iraki ilikuwa kama kisu kwenye siagi.

#5 kahawa_chungu

Kiroboto, simnyimi. Ila aliyegonga hodi kwanza hakuwa Khalid. Alikuwa Muthanna bin Haritha wa Banu Shayban, na Banu Shayban ni tawi la Bakr bin Wail, walewale wa Dhi Qar. Hawa walikuwa majirani wa mpaka ambao sasa hauna mlinzi. Muthanna alikuwa ameshaanza kuvamia pembezoni mwa Iraki, na Abubakar, khalifa wa kwanza, akampelekea Khalid aliyekuwa ametoka kumaliza vita vya Ridda, vya makabila ya Kiarabu yaliyoasi Mtume alipofariki.

Mwaka 633 Khalid alipiga Kadhima, huko iliko Kuwait ya leo, akapiga Walaja, akapiga Ullais, na Hira ikafunga mkataba wa kulipa jizya, kodi ya wasio Waislamu. Wakazi wake wengi walikuwa Waarabu Wakristo. Walilipa, wakabaki na makanisa yao. Mwaka uliofuata Abubakar akamhamishia Shamu, yaani Syria. Huku nyuma alibaki Muthanna na watu wachache, na hapo kisu kikagonga mfupa.

Vita vya Daraja, 634. Hivi huwa havisimuliwi sana, na ndivyo vinavyonivutia kuliko vyote.

Omar, khalifa mpya, alimtuma Abu Ubayd wa kabila la Thaqif. Wakakutana na jeshi la jemadari wa Kiajemi, Bahman, mto Furati katikati, na daraja la mashua zilizofungwa pamoja. Bahman akapeleka ujumbe: mtavuka ninyi, au tuvuke sisi? Maofisa wa Abu Ubayd wakamsihi asivuke. Yeye akaona kubaki ni woga mbele ya Waajemi. Akavuka.

Ng'ambo ile nafasi ilikuwa finyu, mto mgongoni, na mbele yao tembo wenye kengele. Farasi wa Kiarabu hawakuwahi kuona wala kusikia kitu kama kile, wakagoma kusogea. Abu Ubayd akashuka kwenye farasi na kuwaambia wenzake wakate mikanda ya vile viti vya juu ili wapanda tembo waanguke. Mwenyewe akamwendea tembo mweupe, akampiga upanga mkongani. Tembo akamwangusha, akamkanyaga. Bendera ikashikwa na mtu wa pili wa Thaqif, akauawa, wa tatu, akauawa, hadi wa saba. Kijana mmoja wa kabila hilo, kwa hasira au kwa ushujaa wa kijinga, akakimbia kukata kamba za daraja akipiga kelele kwamba wafe kama walivyokufa makamanda wao. Watu wakaanza kujitupa mtoni.

Aliyewaokoa ni Muthanna. Alisimama na kikosi kidogo kuwazuia Waajemi huku mashua zikifungwa upya, akajeruhiwa vibaya palepale. Masimulizi yanataja watu 4,000 waliouawa na kuzama. Wengine walikimbia moja kwa moja hadi Madina, wakijificha majumbani kwa aibu. Omar hakuwakaripia, aliwaambia yeye ndiye kimbilio lao.

Sasa sikieni hili. Bahman hakuwafuata. Alikuwa na ushindi mkononi, adui hana jeshi, Muthanna anavuja damu. Lakini habari zilimfikia kuwa huko mji mkuu wakubwa wamegawanyika tena, kundi moja na Rostam na jingine dhidi yake. Akageuza jeshi akarudi nyumbani.

#6 Mzee wa Kigoda

Nadhani umechanganya. Abu Ubaydah alifia Shamu kwa tauni, si kwa tembo.

#7 kahawa_chungu

Ni wawili, mzee wangu. Unayemsema ni Abu Ubaydah bin al-Jarrah, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Huyu wa darajani ni Abu Ubayd bin Masud, baba yake Mukhtar, yuleyule aliyekuja kuinuka katika mji wa Kufa miaka mingi baadaye akidai kisasi cha Hussein, mjukuu wa Mtume.

#8 binti_shangani

Tembo tumewaona, sasa tupeleke Qadisiyya. Na tafadhali usisahau kisa cha mlevi.

#9 kahawa_chungu

Da binti_shangani, ndicho nilichokuwa nakikimbilia.

Qadisiyya ilipiganwa kusini-magharibi mwa Hira, ukingoni mwa jangwa, mwishoni mwa 636 kwa hesabu ya wengi, wengine husema mwaka uliofuata. Hadithi za zamani zinampa Rostam watu laki moja na zaidi. Mimi namba hizo nazipunguza bila huruma. Mwanahistoria Tabari, anayetupa habari nyingi za siku zile, alifariki 923. Karibu miaka 300 imepita, na kila kabila linataka babu yake awe ameua Waajemi wengi zaidi. Jeshi la Rostam huenda lilikuwa kubwa kuliko la Waislamu, lakini si bahari ile ya watu.

Amiri jeshi wa Waislamu alikuwa Saad bin Abi Waqqas, na siku ya vita alikuwa mgonjwa. Majipu na maumivu ya nyonga, farasi hapandiki. Akalala kifudifudi juu ya paa la ngome ya Qudays, kifua kwenye mto, akiandika amri na kuziangusha chini kwa msaidizi wake. Watu walimsema kwa hilo.

Muthanna alikuwa amekufa kwa lile jeraha la darajani, na Saad alikuwa amemuoa mjane wake, Salma. Siku ya kwanza tembo walipowavuruga Waarabu, Salma alilia juu ya paa: ole wetu, leo farasi hawana Muthanna! Saad akampiga kofi. Salma akamuuliza kama ule ni wivu au ni woga. Mume akanywea.

Chini ya ngome hiyohiyo alikuwa amefungwa Abu Mihjan wa Thaqif, mshairi na mpiganaji, kosa lake pombe na mashairi ya kuisifu. Anasikia panga, anasikia farasi, miguu imo kwenye pingu. Akamsihi Salma amfungue na amwazime Balqa, farasi wa Saad, naye ataapa kurudi na kujitia pingu mwenyewe akiwa hai. Salma akamfungua.

Saad kule juu akamwona mpanda farasi anapasua safu za Waajemi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akasema mwendo ule ni wa Balqa na mapigo yale ni ya Abu Mihjan, lakini Abu Mihjan yuko kifungoni. Usiku yule bwana akarudi, akamfunga farasi, akarudisha miguu yake kwenye pingu. Saad alipoambiwa, akamwachilia na kusema hatampiga tena viboko kwa ajili ya pombe. Abu Mihjan akajibu kwamba basi na yeye ameiacha.

Vita vyenyewe vilikwenda siku tatu, usiku mmoja na asubuhi ya siku ya nne. Siku ya pili Qaqaa bin Amr aliwasili kutoka Shamu na watu wake, akiwaingiza uwanjani kumi kumi ili waonekane hawaishi. Wakawavisha ngamia matambara ili wawatishe farasi wa Waajemi, yaani walilipiza kisa cha tembo. Siku ya tatu tembo waliporudi, Waajemi waliokuwa wamejiunga na Waislamu walisema pa kupiga: macho na mkonga. Asubuhi ya mwisho ukaja upepo wa mchanga usoni mwa Waajemi, ukalirusha hema la kivuli la Rostam mferejini. Rostam akajibanza nyuma ya nyumbu wa mizigo. Askari mmoja akakata kamba za mzigo bila kujua nani yuko pale, ukamwangukia Rostam mgongoni. Akajitupa majini, akavutwa mguu, akauawa. Ile bendera kuu ya Kaviani, yenye vito, aliyeiteka aliiuza dirham 30,000, thamani yake ikiwa zaidi ya milioni.

#10 Kiroboto

Aliibiwa mchana kweupe huyo.

#11 kahawa_chungu

Subiri uone Madaini.

Madaini, Ctesiphon kwa Wagiriki, ndio ulikuwa mji mkuu. Waislamu waliufikia mapema 637. Madaraja yamekatwa, Tigri imejaa. Asim bin Amr akatangulia kuingia mtoni na watu 60 juu ya farasi, wengine wakafuata, na inasimuliwa kitu pekee kilichopotea ni kikombe cha mbao kilichofungwa kwa kamba kuukuu, nacho maji yakakisukuma ukingoni kikaokotwa. Yazdegerd alikuwa ameshatoroka.

Humo ndani kuna habari za kuchekesha. Mabedui walikuta kafuri wakadhani chumvi, wakaitia kwenye chakula. Wengine walikuwa wanabadilisha dhahabu kwa fedha, uzani kwa uzani, kwa sababu fedha walikuwa wanaijua. Kulikuwa na zulia la dhiraa 60 kwa 60, bustani nzima iliyofumwa: mifereji ya vito, maua ya dhahabu, ili mfalme akiketi wakati wa baridi aone majira ya maua. Likapelekwa Madina. Omar akalikata vipande akagawa. Ali bin Abi Talib aliuza kipande chake dirham 20,000, na hakikuwa kizuri kuliko vyote.

Tao la lile jumba, Iwan Kisra, bado limesimama kusini mwa Baghdad. Limefika kimo cha mita 37 hivi, la matofali, na miaka inaendelea kulibomoa.

Iraki ikaisha kwa vita vya Jalula mwaka huohuo. Kwangu mimi dola ilikufa hapa. Milima ya Irani ilibaki, askari walibaki, lakini kodi za Iraki ndizo zilizokuwa zikilipa kila kitu. Ukishampokonya mtu shamba, kumwachia boma lake hakumsaidii kitu.

#12 Mtu wa Bara

Mimi ni Mkristo, nauliza kwa nia njema. Baada ya hapo Waajemi wote walisilimishwa kwa upanga? Ndivyo nilivyosoma sekondari.

#13 kahawa_chungu

Swali zuri ndugu yangu. Wewe unawajua Mamajusi wa Mashariki waliomletea Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Majusi ndio watu wa dini ya Zaradushti, dini ya dola hii. Omar alisita awafanyeje, maana hawakutajwa wazi kama Mayahudi na Wakristo, mpaka Abdurrahman bin Auf aliposhuhudia kuwa Mtume alichukua jizya kwa Majusi wa Hajar, mashariki mwa Arabuni. Basi wakalipa, wakabaki. Ilichukua karne mbili tatu hadi Waislamu wawe wengi kule.

Sisemi ilikuwa harusi. Miji iliyopigana ilipigwa, watu walichukuliwa mateka. Aliyemuua Omar mwaka 644, Abu Luluah, alikuwa mtumwa wa Kiajemi. Lakini ardhi ya Iraki askari hawakugawiwa, ingawa waliidai. Omar aliiacha kwa wakulima walewale walipe kodi, na watoza kodi wakawa walewale matajiri wa vijijini waliomtumikia Kisra. Sajili ya mishahara ya askari ikaitwa *diwani*, neno la Kiajemi, na sisi leo tunampigia kura diwani wa kata.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni sarafu. Kwa takriban miaka 50 magavana Waislamu waliendelea kupiga dirham zenye sura ya Khosrow, taji na mabawa, na madhabahu ya moto upande wa pili. Pembeni wameongeza neno moja tu la Kiarabu au mawili: bismillah. Mpaka Abdulmalik alipozibadilisha mwishoni mwa miaka ya 690.

#14 binti_shangani

Na Yazdegerd aliishia wapi?

#15 kahawa_chungu

Alikusanya jeshi la mwisho, likapigwa Nahavand mwaka 642. Kamanda wa Waislamu, Nuuman bin Muqarrin, aliuawa palepale, Hudhayfa akashika nafasi yake na habari ya kifo ikafichwa hadi vita vilipokwisha. Waarabu wakaiita fat'hi ya fat'hi zote, yaani ushindi mkuu kuliko wote.

Baada ya hapo Yazdegerd akawa mgeni katika nchi yake. Isfahan, Istakhr, Kirman, Sistan, kila gavana anampokea kwa heshima na kumwombea aondoke upesi, maana anakuja na msafara wa kulisha na hana jeshi. Wengi walikuwa wameshafunga mikataba yao wenyewe, mji kwa mji. Mwaka 651 alifika Merv, mji wa mbali kaskazini-mashariki, gavana wake akamgeuka. Akakimbia usiku, akajificha kwa mwenye kinu cha kusagia nafaka, naye akamuua. Aliyemzika ni askofu Mkristo wa mji ule.

Mwanawe Peroz alikimbilia China kwa wafalme wa Tang, akapewa cheo, akafia huko.

#16 Mzee wa Kigoda

Majusi hao ndio Mabaniani wa Kiparsi tuliokuwa nao Unguja?

#17 kahawa_chungu

Waparsi ndio, ila si Mabaniani mzee, Mabaniani ni Wahindu. Hawa ni uzao wa waliohamia Gujarat, na baadhi wakafika Unguja wakati wa masultani. Yule Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja 1946 alikuwa wao, jina la nyumbani Farrokh. Jina moja na la baba yake Rostam. Na wengi wao hadi leo wanahesabu miaka yao tangu 632, siku Yazdegerd alipovikwa taji.

#18 Mzee wa Kigoda

Hapo umeniweza. Sasa Andalusia.

#19 kahawa_chungu

Bundle imekata mzee wangu.